Filamu Mtandaoni: Nani Huziainisha, Nani Anaweza Kuzizuia, na Mtazamaji Ana Haki Gani

Familia nyingi nchini sasa hutazama filamu na vipindi kupitia simu, kompyuta na runinga zilizounganishwa na intaneti. Mtazamaji halazimiki tena kwenda kwenye ukumbi wa sinema wala kusubiri saa ya kipindi. Hufungua programu, huchagua anachotaka, na video huanza kutiririka. Mabadiliko haya yameibua swali ambalo wananchi huliuliza kila taasisi ya serikali inapotoa tangazo kuhusu maudhui ya mtandaoni: je, filamu inayotoka kwenye seva za kampuni ya kigeni iko chini ya sheria za Kenya? Na ikiwa iko, ni nani mwenye mamlaka ya kusema itazamwe au isitazamwe?

Makala haya yanaeleza sheria zinazohusika, tofauti iliyopo kati ya kuainisha filamu na kuipiga marufuku, sababu za kiufundi zinazofanya iwe vigumu kuzuia filamu moja mtandaoni, na hatua ambazo mzazi au mtazamaji anaweza kuchukua. Kuelewa mambo hayo kunamsaidia mwananchi kupima kila tangazo jipya kwa vigezo viwili: ikiwa linamlinda mtoto kwa vitendo, na ikiwa linamwachia mtu mzima haki yake ya kujua ni nini kimezuiwa na kwa sababu gani.

Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya ukumbi

Msingi wa udhibiti wa filamu nchini ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo ilitungwa mwaka wa 1962 na kuanza kutumika mwaka wa 1963. Wakati huo filamu ilikuwa ukanda uliosafirishwa ndani ya mkebe na kuonyeshwa mbele ya watu waliokata tiketi. Palikuwa na mlango mmoja wa kuingilia. Kabla mlango huo haujafunguliwa, serikali ilikuwa na nafasi ya kuitazama filamu, kuipa cheti, au kuinyima kibali.

Chini ya sheria hiyo, Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) huchunguza filamu na mabango yake na kuamua zinafaa watazamaji wa umri gani. Alama zinazotumika zinafahamika kwa wengi. GE ni filamu inayofaa watu wa rika zote. PG humaanisha kwamba mtoto anahitaji uangalizi wa mzazi. Alama ya 16 huonyesha kwamba filamu haiwafai walio chini ya umri huo, na 18 ni ya watu wazima pekee. Filamu ambayo Bodi inaona haifai kuonyeshwa kabisa hunyimwa kibali.

Kwa upande wa runinga na redio, Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka wa 1998, pamoja na kanuni za utangazaji za mwaka wa 2009, huipa Mamlaka ya Mawasiliano (CA) jukumu la kutoa leseni na kusimamia vituo. Kanuni hizo zimetenga muda kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa wakati ambao watoto wanatarajiwa kuwa miongoni mwa watazamaji. Katika muda huo vituo havipaswi kupeperusha maudhui ya watu wazima.

Taratibu zote mbili zinategemea jambo moja: kuwepo kwa mahali au saa inayoweza kusimamiwa. Ukumbi una mlango, na kituo cha runinga kina ratiba. Huduma ya video mtandaoni haina mlango wa pamoja wala ratiba. Filamu ileile inaweza kutazamwa saa nne asubuhi na mtoto aliyebaki nyumbani peke yake, na saa tano usiku na mtu mzima aliyerejea kutoka kazini. Aidha, orodha ya huduma moja inaweza kuwa na maelfu ya saa za video, na hubadilika kila wiki. Hakuna jopo la wachunguzi linaloweza kuketi na kutazama zote kabla hazijamfikia mtazamaji.

Swali lilivyoibuka mwaka wa 2016

Suala hili lilijitokeza hadharani nchini Januari 2016. Tarehe 6 ya mwezi huo, kampuni ya Netflix ilitangaza kwamba imefungua huduma yake kwa wakati mmoja katika zaidi ya nchi 130, Kenya ikiwa miongoni mwao. Baadaye mwezi huohuo, KFCB ilitoa taarifa ikieleza kwamba filamu zilizokuwa zikitolewa na kampuni hiyo hazikuwa zimeainishwa nchini, na kwamba baadhi yake zilikuwa na vurugu na mambo mengine yanayoweza kuhatarisha watoto na hata usalama wa taifa.

Hoja ya wanaotaka udhibiti ilikuwa na uzito wake. Ikiwa mwenye duka la filamu mtaani na mwenye kituo cha runinga wanapaswa kuheshimu uainishaji, kwa nini anayeuza filamu zilezile kwa njia ya intaneti asamehewe? Hoja ya upande wa pili nayo haikuwa nyepesi. Mteja wa huduma hiyo amejisajili kwa hiari, analipa, na anatazama akiwa kwake. Hayo si maonyesho ya hadhara kwa maana iliyokusudiwa na watunzi wa sheria mwaka wa 1962.

Huduma hiyo haikufungwa, na mnamo Septemba 2021 kampuni hiyo ilianzisha nchini mpango wa kutazama bila malipo kupitia simu za Android, uliosimamishwa mwaka wa 2023. Hata hivyo, swali la kisheria lililoulizwa mwaka wa 2016 halikuondoka. Rasimu ya mswada mpya wa filamu iliyotolewa mwaka huo ilipingwa na wasanii na wadau wa intaneti, wakihofia kwamba ingempa mdhibiti mamlaka mapana mno, na haikupata kuwa sheria.

Kuainisha na kupiga marufuku ni mambo mawili

Katika mijadala mingi maneno haya mawili huchanganywa, na mkanganyiko huo huzaa hofu isiyo ya lazima kwa upande mmoja na madai yasiyotekelezeka kwa upande mwingine.

Kuainisha ni kutoa taarifa. Alama ya 16 humwambia mzazi kwamba ndani ya filamu kuna jambo ambalo mtoto wa miaka 10 hapaswi kuliona. Uamuzi wa mwisho hubaki kwa mwenye nyumba. Kupiga marufuku ni kuondoa uamuzi huo mikononi mwa kila mtu, mtoto na mtu mzima kwa pamoja. Kwa kuwa uzito wake ni mkubwa zaidi, Katiba ya mwaka wa 2010 huweka masharti magumu zaidi.

Kifungu cha 33 cha Katiba humpa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, pamoja na uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kifungu hichohicho kinataja yale yasiyolindwa na uhuru huo: propaganda za vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Kifungu cha 24 kinasema kwamba haki inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria pekee, na kwa kiwango kinachofaa na kinachoweza kutetewa katika jamii iliyo huru na ya kidemokrasia. Kwa upande wa watoto, Kifungu cha 53 kinaagiza kwamba maslahi bora ya mtoto yawe na umuhimu mkuu katika kila jambo linalomhusu.

Vifungu hivi vinasomwa pamoja. Havimruhusu mdhibiti kumsahau mtoto, wala havimruhusu kumtendea kila mtu mzima kana kwamba ni mtoto.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa filamu ya "Rafiki", iliyoongozwa na Wanuri Kahiu. Mnamo Aprili 2018, KFCB iliipiga marufuku ikisema kwamba maudhui yake yalikuza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa. Septemba 2018, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisitisha marufuku hayo kwa siku 7 na kuruhusu filamu hiyo kuonyeshwa kwa watu wazima waliopenda kuitazama. Mwaka wa 2020, Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi la msingi lililopinga marufuku hayo, na suala likaelekea katika ngazi ya rufaa.

Bila kujali msimamo wa mtu kuhusu filamu yenyewe, kesi hiyo inafundisha jambo la utaratibu. Kulikuwa na uamuzi uliotangazwa, ulikuwa na sababu iliyotajwa, na kwa hiyo kulikuwa na kitu ambacho msanii angeweza kukipeleka mbele ya jaji. Uamuzi usiotangazwa hauwezi kupingwa, kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba umefanywa.

Kwa nini filamu moja haizuiliki njiani

Wananchi wengi hudhani kwamba serikali ikitaka inaweza kubonyeza kitufe na filamu fulani ikatoweka mtandaoni. Hali halisi ni tofauti.

Mtazamaji anapochagua filamu, video haiji kama kitu kimoja. Hukatwa katika vipande vidogo vya sekunde chache, na kila kipande husafiri kikiwa kimefungwa kwa usimbaji fiche, yaani kimegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka kwa mtu yeyote isipokuwa kifaa kilichokiomba. Kampuni kubwa pia huweka nakala za filamu katika seva zilizo karibu na watazamaji, nyingine zikiwa ndani ya mitambo ya kampuni zinazouza intaneti, ili picha isikatike. Kampuni inayomuuzia mwananchi intaneti kwa kawaida huweza kuona kwamba kifaa chake kimewasiliana na huduma fulani. Haioni ni filamu gani inayotazamwa.

Matokeo yake ni kwamba mdhibiti amebaki na njia mbili tu za kuzuia. Ya kwanza ni kufunga huduma nzima. Ya pili ni kuitaka kampuni yenyewe iiondoe filamu katika orodha inayoonekana nchini.

Gharama ya njia ya kwanza ilionekana Pakistan. Mnamo Septemba 2012 nchi hiyo iliifunga YouTube kwa sababu ya video moja iliyoonekana kuudhihaki Uislamu. Kufuli hilo lilidumu hadi Januari 2016, zaidi ya miaka mitatu. Katika muda huo, pamoja na video iliyolalamikiwa, yalizuiwa pia masomo ya hisabati, mihadhara ya vyuo vikuu na kazi za wasanii wa nchi hiyo. Waliokuwa na ujuzi wa kutumia VPN, ambayo huficha mahali kifaa kilipo, waliendelea kutazama walichotaka. Walioumia zaidi ni watumiaji wa kawaida.

Njia ya pili ni ya utulivu zaidi, na ndiyo imekuwa ikitumika katika nchi nyingi. Februari 2020, Netflix ilichapisha ripoti iliyoeleza kwamba tangu kuanzishwa kwake ilikuwa imeondoa filamu na vipindi 9 katika nchi mahususi kutokana na maagizo ya maandishi ya serikali. Vitano viliondolewa Singapore, na kimoja kimoja katika New Zealand, Vietnam, Ujerumani na Saudia. Kile cha Saudia kilikuwa kipindi kimoja cha mchekeshaji wa Marekani Hasan Minhaj kilichoikosoa serikali ya nchi hiyo. Habari za kuondolewa kwake zilipoenea mwanzoni mwa mwaka wa 2019, kipindi hichohicho kilikuwa bado kinapatikana kwenye YouTube nchini humo, na watu wengi walikitafuta kwa sababu tu kilikuwa kimeondolewa.

Katika takwimu hizo kuna jambo linalostahili kuangaliwa. Orodha ya filamu zilizoondolewa ilitolewa na kampuni, kwa hiari yake, miaka kadhaa baada ya baadhi ya maagizo hayo. Ukumbi wa sinema ulipopokea marufuku, bango liliteremshwa na mji mzima ukajua. Filamu inapoondolewa katika orodha ya huduma ya mtandaoni, mtazamaji haoni chochote. Huandika jina lake, lisipotokea, hudhani kwamba kampuni haikununua haki za kuionyesha. Hapo ndipo udhibiti wa halali unapoweza kugeuka ukaguzi wa siri bila mtu yeyote kukusudia hivyo.

Nchi nyingine zimefanya nini

Kwa kuwa uchunguzi wa kila filamu kabla haijaonyeshwa hauwezekani tena, nchi kadhaa zimehamishia kazi ya kuainisha kwa kampuni zenyewe, kisha serikali ikabaki na jukumu la kuweka vigezo, kukagua na kupokea malalamiko.

India ilichapisha kanuni zake tarehe 25 Februari 2021. Kila huduma ya video inapaswa kuainisha filamu zake katika makundi matano: zinazofaa wote, za miaka 7 na zaidi, za miaka 13 na zaidi, za miaka 16 na zaidi, na za watu wazima pekee. Filamu za kundi la miaka 13 na kuendelea lazima ziwe na kufuli la mzazi, na za watu wazima ziwe na utaratibu wa kuthibitisha umri. Malalamiko hupanda ngazi tatu. Kwanza hupelekwa kwa kampuni, ambayo ina siku 15 kujibu. Asiporidhika, mlalamishi huenda kwa chombo cha kujidhibiti cha sekta kinachoongozwa na jaji mstaafu au mtu mwingine mwenye hadhi. Ngazi ya tatu ni wizara husika.

Mfumo huo haujaenda bila mivutano. Agosti 2021, Mahakama Kuu ya Bombay ilisitisha kwa muda sehemu ya kanuni hizo iliyowalazimisha wachapishaji wa kidijitali kufuata kanuni za maadili zilizowekwa na serikali. Kwa upande mwingine, Machi 2024 serikali ya India ilitangaza kufunga huduma 18 za video kwa sababu ya maudhui machafu. Tangazo hilo lilitolewa hadharani, likitaja majina ya huduma na vifungu vya sheria vilivyotumika. Kukubaliana au kutokubaliana na uamuzi huo kuliwezekana kwa kuwa ulikuwa wazi.

Umoja wa Ulaya ulirekebisha maelekezo yake kuhusu huduma za picha na sauti mwaka wa 2018. Huduma za video zinapaswa kuwalinda watoto dhidi ya maudhui yanayoweza kuwadhuru, na angalau asilimia 30 ya orodha zao iwe kazi za Ulaya. Huduma husimamiwa na mdhibiti wa nchi ilikosajiliwa. Hapa mwananchi anaona kwamba udhibiti unaweza pia kuwa chombo cha kukuza wasanii wa nyumbani, mbali na kuzuia kazi za wengine.

Barani Afrika, Afrika Kusini ilirekebisha sheria yake ya filamu mwaka wa 2019, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Machi 2022. Sheria hiyo inatambua wasambazaji wa kibiashara wa mtandaoni na kuweka njia ya kutumia mifumo yao ya uainishaji kwa idhini ya mdhibiti. Nchi jirani ya Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka wa 2018 na kuzibadilisha kwa kanuni mpya mwaka wa 2020, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Mkazo wake mkubwa uko katika utoaji wa leseni kwa watoa maudhui.

Mifano hii inaonyesha njia tofauti, lakini yote inakabiliwa na swali lilelile. Kadiri kazi ya kuainisha inavyohamia kwa kampuni, ndivyo mwananchi anavyohitaji mahali pa kuuliza iwapo alama iliyowekwa ni sahihi.

Kufuli lililo nyumbani

Mabadiliko hayo yanampa mzazi jukumu zito kuliko lile la zama za ukumbi. Kifaa cha ulinzi kilicho karibu zaidi na mtoto ni mipangilio ya huduma yenyewe, na katika nyumba nyingi haijaguswa tangu siku ya kujisajili.

Huduma kubwa humruhusu mwenye akaunti kufungua wasifu tofauti kwa kila mtu wa nyumbani. Wasifu wa mtoto unaweza kuwekewa kikomo cha umri, ili filamu za juu ya kikomo hicho zisionekane kabisa. Wasifu wa mtu mzima unaweza kufungwa kwa nambari ya siri. Bila nambari hiyo, kikomo alichowekewa mtoto hakina maana, kwa kuwa atahamia wasifu wa mzazi kwa kubonyeza mara moja. Netflix, kwa mfano, iliongeza mwaka wa 2020 uwezo wa kufunga wasifu kwa nambari ya siri na wa kuzuia filamu moja kwa jina. YouTube nayo ina programu maalumu kwa watoto.

Mzazi anashauriwa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, alama ya umri inayoonekana kwenye huduma ya kigeni inaweza kuwa imewekwa kwa vigezo vya nchi nyingine, kwa hiyo si lazima ilingane na ile ambayo KFCB ingeipa filamu hiyo. Pili, kufuli la huduma moja halifanyi kazi kwenye huduma nyingine, wala kwenye video zinazotumwa kwa simu au kunakiliwa kwenye diski mweko. Tatu, nambari ya siri ambayo ni mwaka wa kuzaliwa wa mzazi hukisiwa na mtoto siku hiyohiyo.

Kufuli halichukui nafasi ya mazungumzo. Mtoto aliyeelezwa kwa nini filamu fulani haimfai ana kinga anayotembea nayo hata akiwa na simu ya rafiki yake.

Ukiona kasoro, uende wapi

Malalamiko ya mwananchi yanaweza kuwa ya aina mbili, na kila moja ina njia yake.

Aina ya kwanza ni malalamiko dhidi ya maudhui: filamu iliyowekewa alama ya watoto ina vurugu za kutisha, au maudhui ya watu wazima yanatokea kwenye wasifu wa mtoto. Hatua ya kwanza ni kuiarifu huduma yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoweza kubadilisha alama kwa haraka zaidi. Mlalamishi aandike jina la filamu au kipindi, sehemu ya ngapi, dakika ambayo jambo hilo linaonekana, alama ya umri iliyokuwepo na tarehe aliyoitazama. Picha ya skrini husaidia. Asipopata jibu la kuridhisha, apeleke maelezo hayohayo kwa KFCB. Ikiwa maudhui yalipeperushwa na kituo cha runinga chenye leseni nchini, malalamiko hupelekwa kwa kituo na kisha kwa CA. Lalamiko lisemalo tu kwamba "mtandao umejaa uchafu" haliwezi kushughulikiwa. Lile linalotaja dakika linaweza.

Aina ya pili ni malalamiko dhidi ya uamuzi wa mamlaka: filamu imezuiwa, au mtayarishaji amenyimwa cheti. Hapa Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki. Mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au inaelekea kuathiriwa, na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka wa 2015 inaeleza utaratibu wa kudai haki hiyo. Sheria ya Filamu nayo ina nafasi ya rufaa kwa Waziri, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kupitia uamuzi baada ya njia za ndani kutumika. Kwa masuala ya utangazaji, kuna jopo la rufaa lililoundwa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano.

Msanii au mtayarishaji anayepokea uamuzi kwa simu au kwa mdomo anapaswa kuomba barua. Barua hiyo ndiyo mwanzo wa rufaa yoyote.

Mambo ya kutafuta katika tangazo lijalo

Teknolojia hii itaendelea kubadilika, na bila shaka kanuni mpya zitapendekezwa na kutangazwa. Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla sheria kutungwa, na maoni yenye manufaa ni yale yanayojikita katika maswali mahususi. Mwananchi anaposoma rasimu au tangazo kuhusu huduma za video mtandaoni, atafute majibu ya maswali yafuatayo.

Je, kanuni hiyo inahusu kuainisha, au inahusu kuzuia? Ni nani anayeweka alama ya umri, na ni nani anayemkagua? Kampuni imepewa muda gani kujibu malalamiko ya mzazi? Filamu ikiondolewa kwa agizo la mamlaka, je, agizo hilo litachapishwa pamoja na sababu zake? Aliyeathiriwa atakata rufaa wapi, na ndani ya siku ngapi? Je, kanuni inaitaka kampuni ikusanye taarifa za watoto ili kuthibitisha umri, na ikiwa hivyo, zitalindwaje chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi?

Swali la agizo kuchapishwa ndilo linalosahaulika zaidi. Alama ya umri isiyo sahihi huonekana na mzazi, na mzazi huweza kulalamika. Filamu iliyoondolewa bila tangazo haina wa kuilalamikia. Kanuni inayotaka kila agizo la kuondoa filamu liwekwe wazi, likiwa na sababu na tarehe, humlinda mtazamaji, na pia humlinda mdhibiti dhidi ya tuhuma kwamba anaficha jambo.